Homoni baada ya kukoma hedhi: nani zinamfaa, nani ajiepushe nazo?

Nitajuaje kama joto hili ni la kaskazi au ni la mwili wangu?

Januari na Februari Mombasa kila mtu analowa jasho, kwa hivyo swali si la kipuuzi. Joto la kukoma hedhi huja ghafla: huanzia kifuani, hupanda shingoni na usoni, likakaa dakika chache, kisha jasho, na pengine kibaridi baada yake. Hukuamsha hata usiku wa Julai, kusi inavuma na wenzako wamejifunika. Chanzo ni kushuka kwa homoni ya estrojeni. Wanawake wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55, na hedhi huhesabiwa imekoma ikipita miezi 12 bila damu.

Tiba ya homoni inasaidia nini hasa?

Tiba hii humrudishia mwanamke estrojeni iliyopungua. Kwa joto la ghafla na jasho la usiku, hakuna dawa inayoishinda. Pia hupunguza kuvunjika kwa mifupa. Ukavu wa uke na maumivu wakati wa tendo la ndoa nayo hutibika. Kama shida yako ni hiyo tu, krimu au kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni kwa kawaida hutosha, na dawa inayoingia kwenye damu huwa kidogo sana. Wamama wengi huona haya kumtajia daktari jambo hili. Mtajieni. Lakini hairudishi usichana, wala si dawa ya kupunguza mwili, wauzaji waseme watakavyo.

Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu, na anasema homoni zinaleta kansa ya matiti. Ni kweli?

Hofu yake ina asili. Mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama WHI ulisimamisha sehemu yake ya wanawake zaidi ya 16,000, ambapo wengine walipewa estrojeni pamoja na projestini (homoni ya pili inayokinga kizazi) na wengine kidonge kisicho na dawa. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, kansa ya matiti iliwapata 38 waliotumia homoni na 30 wasiotumia. Viharusi vilikuwa 29 dhidi ya 21. Kwa upande wa pili, waliovunjika nyonga walikuwa 10 dhidi ya 15.

Hatari ipo, basi, ila ni ndogo kuliko ilivyovumishwa. Tena wanawake wale kwa wastani walikuwa na miaka 63, wengi hedhi ilishakoma zamani. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kuwa kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida mara nyingi huzidi madhara. Binafsi naona kosa letu ni kuuliza "homoni ni nzuri au mbaya?" bila kwanza kuuliza anayetumia ni nani.

Nani asitumie?

Aliyewahi kupata kansa ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda kwenye mguu au mapafu. Mwenye ugonjwa mkali wa ini. Na anayetokwa na damu ukeni bila sababu kujulikana. Presha ya juu si lazima ikuzuie, lakini itulizwe kwanza. Wasioweza kutumia homoni wana njia nyingine: baadhi ya dawa za unyogovu, kwa dozi ndogo, hupunguza joto hilo.

Rafiki yangu anatumia estrojeni peke yake. Anigawie?

Hapana, hasa kama bado una kizazi. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi na huweza kuleta kansa hapo. Ndiyo maana huongezwa projestini. Huenda mwenzako alishatolewa kizazi. Muulize pia anatumia ya namna gani: vidonge vya kumeza huongeza hatari ya damu kuganda, ilhali kibandiko au jeli ya ngozini, kwa dozi za kawaida, haionekani kuiongeza.

Nikianza, hedhi itarudi? Nina swala na funga.

Inategemea mpangilio. Projestini ikitolewa siku kadhaa tu za mwezi, damu hutoka kila mwezi. Ikitolewa kila siku pamoja na estrojeni, lengo ni isitoke kabisa, ingawa matone ya miezi ya mwanzo ni ya kawaida. Mweleze daktari mapema kwamba jambo hili ni muhimu kwako, achague mpangilio unaokufaa. Hukumu ya damu hiyo kisheria muulize mwanachuoni.

Nimuone nani?

Daktari wa magonjwa ya wanawake. Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, ni pa kuanzia. Nenda na orodha ya dawa zako zote, mitishamba ikiwemo, pima presha, na useme kama mama au dada yako alipata kansa ya matiti. Mkishaanza, rudi angalau mara moja kwa mwaka mkaangalie kama bado unaihitaji. Na damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi ilhali hutumii homoni yoyote, usingoje: nenda wiki hiyo hiyo ukachunguzwe.