Ana miaka kumi tu, chanjo ya nini?

Taarifa ikifika nyumbani kwamba wasichana wa miaka 9 hadi 14 watachanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, wazazi huanza kupigiana simu. Haya ndiyo wanayouliza sana.

Mwanangu hajui mwanaume. Mnamharakishia nini?

Hapo ndipo penyewe, mama. Saratani hii husababishwa na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Chanjo haikifukuzi kirusi kilichokwisha kuingia, inakizuia kisiingie. Ndiyo maana inachomwa mapema, tena miili ya watoto wa umri huo huijibu vizuri zaidi. Mtoto wa miezi tisa tunamchanja surua, na hakuna anayehisi kwamba mwanawe ametukanwa.

Nasikia inafunga uzazi.

Uvumi huu ni mkongwe, hata chanjo ya pepopunda ilishawahi kusingiziwa hivyohivyo. Ndani ya kichupa kile hamna homoni, na hamna kirusi kizima. Kuna chembe za protini zinazofanana na ganda la nje la kirusi, tupu ndani, ambazo haziwezi kumwambukiza mtu. Mwili unaliona ganda, unajifunza kulitambua, basi. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe, kwa sababu tiba yake mara nyingi ni kutoa kizazi au kupiga mionzi.

Zamani zilikuwa sindano mbili. Mbona sasa moja?

Kuna baba aliyeniambia, "Serikali inabana matumizi." Sivyo. Tanzania ilianza mwaka 2018 na sindano mbili kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikahamia sindano moja, kwa wa miaka 9 hadi 14, baada ya Shirika la Afya Duniani kuikubali. Sehemu ya ushahidi ilitoka hapahapa kwetu: wasichana 930 wa Mwanza waligawanywa, wengine wakachomwa moja, wengine mbili, wengine tatu. Miaka miwili baadaye, karibu wote waliochomwa moja walikuwa bado na kinga kwenye damu.

Binti anayeishi na VVU ndiye anayehitaji zaidi ya moja. Mzazi amwambie mhudumu pembeni, si mbele ya darasa.

Itamdhuru?

Bega litauma siku moja au mbili, pengine na homa kidogo au kichwa. Wapo wanaozimia, na nikiuliza nakuta hakunywa chai asubuhi, kisha akasimama kwenye foleni akimtazama mwenzake anavyokunja uso. Mpe uji kabla hajatoka, na akishachomwa akae dakika 15. Mzio mkali ni nadra sana, ila kama aliwahi kuupata kwa chanjo yoyote, semeni mapema.

Na mimi mama yake?

Wewe kapime. Ukifika miaka 30 usingoje dalili, na kama una VVU anza mapema zaidi, ukiwa na 25. Vituo vingi hutumia siki: mhudumu anapaka kidogo kwenye mlango wa kizazi, anangoja kama dakika moja, na sehemu iliyoanza kubadilika inageuka nyeupe. Mara nyingi hutibiwa kabla haijawa saratani. Binti naye atapima akifikia umri huo, ingawa amechanjwa, kwa sababu aina mbili za kirusi zinazolengwa hasa, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi, si zote.