Kumwongeza mwenza kwenye hati ya nyumba Uingereza: unachofanya hasa

Watu husema, "Nataka kumwongeza mwenzangu kwenye hati," kana kwamba jina moja linaandikwa chini ya jingine na mambo yamekwisha. Katika sheria ya Uingereza na Wales hakuna kitu kama hicho. Unachofanya ni kuihamisha nyumba nzima kutoka kwako peke yako kwenda kwa watu wawili, na wewe ni mmoja wao. Ndiyo maana kwenye TR1, fomu ya uhamisho, jina lako hutokea mara mbili: kwanza kama mtoaji, kisha kama mpokeaji ukiwa na mwenzako. Yakishasajiliwa, huwezi kuyatengua bila yeye kukubali.

Kuwa na wakili si sharti la sheria. Kama nyumba imekwisha kusajiliwa, unajaza TR1, unaambatanisha AP1, ambayo ni ombi la kubadili daftari, na ID1 ya kuthibitisha utambulisho, kisha unapeleka Masjala ya Ardhi pamoja na ada, inayopangwa kwa thamani ya mali. TR1 husainiwa mbele ya shahidi aliyepo hapo hapo. Mwenzako hawezi kuwa shahidi wako, maana naye ni mhusika.

Makaratasi yenyewe si magumu. Ugumu uko kwenye sehemu ya 10 ya TR1, ambako mnaweka alama kwenye kisanduku kimoja kati ya vitatu. Nawasihi mkae chini muizungumze sehemu hiyo kabla ya kushika kalamu.

Kisanduku cha kwanza ni umiliki wa pamoja usiogawanyika. Hapa hakuna fungu lako wala langu. Nyote mna nyumba yote. Mmoja akifariki, nyumba inabaki kwa aliye hai moja kwa moja, na wosia hauwezi kuigusa. Fikiria mama mwenye watoto wa ndoa ya kwanza, ameandika wosia kwamba nusu ya nyumba iwe yao. Akiwa ameweka alama hapa, watoto hao hawapati kitu kwenye nyumba hiyo, hata wosia uwe umeandikwa vizuri namna gani. Kwa wanandoa waliojenga maisha pamoja tangu mwanzo, huu ni mpango mzuri na wa upole. Kwa familia zilizochanganyika unaweza kuumiza sana. Aina hii huvunjwa kwa notisi ya maandishi, na mwenzako hahitaji kuridhia, lakini baada ya hapo kila mmoja hubaki na nusu, hata kama ni wewe uliyelipa karibu yote.

Viwili vilivyobaki ni umiliki wa pamoja kwa hisa: ama nusu kwa nusu, ama kwa mgawanyo mnaouandika wenyewe, tuseme 70 kwa 30. Hisa yako unaweza kuirithisha umtakaye. Kwa hiyo andika wosia, kwa sababu mwenza ambaye hamjafunga ndoa harithi chochote kwa sheria pale pasipo na wosia, hata mkiwa mmeishi pamoja miaka 20.

Kuna kesi ya nyumba moja ya Thundersley, Essex, iliyonunuliwa mwaka 1985 kwa majina ya wawili bila hisa kuandikwa popote. Waliachana, mwanamke akabaki analipa mkopo na kulea watoto kwa miaka mingi. Ilibidi kesi ipande hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2011 ilimpa yeye asilimia 90 na mwanamume asilimia 10. Mstari mmoja wa maandishi siku ile ya kununua ungewaepusha na safari yote hiyo.

Nyumba ikiwa na mkopo, lazima mkopeshaji akubali kwanza, na wakopeshaji wengi hutaka wakili ahusike. Hapo ndipo mpango wa kufanya mwenyewe mara nyingi huishia.

Halafu kuna kodi. Ukimpa mwenzako sehemu ya nyumba isiyo na deni, bila yeye kulipa chochote, hakuna ushuru wa ununuzi. Lakini deni analolibeba huhesabiwa kama bei. Mkopo ukiwa pauni 200,000 naye akachukua nusu, ni sawa na amelipa pauni 100,000. Kwa Uingereza, tangu Aprili 2025, kiwango cha kawaida huanza kutozwa juu ya pauni 125,000, kwa hiyo hapo hakuna cha kulipa, ila akiwa tayari na nyumba nyingine hesabu inaweza kubadilika. Wales ina kodi yake. Kwa Uingereza, hata pasipo na ushuru, bei hiyo ikifika pauni 40,000 Mamlaka ya Mapato hutaka taarifa ndani ya siku 14, na cheti wanachokupa ndicho utakachokiweka pamoja na AP1.