Dhoruba ya Theluji Kama Isimuliwavyo Tanga, na Kama Ilivyo

Jiji la Tanga halina theluji, lakini lina urafiki rasmi na miji mitatu inayoijua vizuri: Eckernförde ya kaskazini mwa Ujerumani, Kemi ya Finland, na Toledo ya jimbo la Ohio nchini Marekani. Tena familia nyingi za Ngamiani, Chumbageni na Makorora zina mtoto, shemeji au binamu aliyekwenda ughaibuni kusoma au kutafuta riziki. Ndiyo maana kila mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi, wakati huku kaskazi inavuma na joto limekolea, simu za watu hujaa picha za magari yaliyofukiwa, na kutoka huku hutumwa ushauri wa kila namna. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, ila sehemu yake kubwa imejengwa juu ya dhana zisizo sahihi.

“Theluji ikiwa nyingi, hapo ndipo pana dhoruba”

Idara ya hali ya hewa ya Marekani huitambua dhoruba kali ya theluji pale upepo unapofikia kilomita 56 kwa saa au zaidi, na theluji inayopeperushwa ikamzuia mtu kuona mbele ya mita 400 hivi, kwa muda usiopungua saa 3. Kina cha theluji hakimo katika kipimo hicho. Hata theluji iliyoanguka siku mbili nyuma inatosha, upepo ukiinyanyua kutoka ardhini, ingawa wakati huo mbingu haidondoshi chochote.

Ohio iliyaona hayo kati ya tarehe 25 na 27 Januari 1978. Barabara kuu ya kulipia inayokatiza jimbo hilo na kupita karibu na Toledo ilifungwa yote kwa mara ya kwanza katika historia yake, na watu 51 wakafa jimboni. Mwishoni mwa mwaka huohuo zamu ikawa ya Schleswig-Holstein, jimbo lenye mji wa Eckernförde. Kuanzia tarehe 28 Desemba joto liliporomoka kwa saa chache, mvua ikaganda juu ya nyaya za umeme hadi zikakatika, vijiji vikatengwa kwa siku kadhaa, na jeshi likalazimika kuingia kwa vifaru na helikopta. Wafugaji waliozoea kukamua kwa mashine walijikuta na ng'ombe wenye viwele vilivyojaa na umeme haupo, taabu ambayo mfugaji yeyote wa ng'ombe wa maziwa mkoani Tanga ataielewa bila kufafanuliwa.

“Baridi ikizidi, theluji nayo huzidi”

Theluji inahitaji unyevu, na hewa ya baridi kali sana hubeba unyevu kidogo. Toledo iko kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Erie, na Buffalo, jimboni New York, iko kwenye ncha ya mashariki. Upepo wa baridi hutoka magharibi mara nyingi, hupita juu ya maji ambayo bado hayajaganda, huchota mvuke, kisha huumwaga upande wa pili. Kwa hiyo Buffalo hupata zaidi ya mara mbili ya theluji ya Toledo kwa mwaka. Ni utaratibu ule ule unaoifanya Amani, juu ya Usambara Mashariki, ipate mvua nyingi kutokana na upepo uliopita juu ya Bahari ya Hindi, isipokuwa huku ni mlima unaoulazimisha upepo kuachia maji. Ziwa likiganda lote, theluji ya aina hiyo hupungua, ijapokuwa baridi imeongezeka.

“Wenyeji wa huko wamezaliwa nayo, haiwadhuru”

Wanaodhurika kidogo ni wale waliojiandaa, na kuzaliwa hakuhusiki. Kemi iko karibu na ukanda wa Aktiki, eneo la baridi kali lililo kaskazini kabisa mwa dunia. Bahari yake huganda, na meli za kuvunja barafu hufungua njia ili bandari iendelee na kazi. Sheria ya Finland inadai matairi ya majira ya baridi kati ya Novemba na Machi hali ya barabara inapohitaji, na nyumba zimejengwa kwa kuta nene na madirisha yenye vioo zaidi ya kimoja. Mji huo umekuwa ukijenga ngome ya theluji ya kutembelewa na watalii tangu mwaka 1996, kwa hiyo theluji kwao ni kazi na ni biashara pia. Tofauti na hapo ni Texas, jimbo la kusini mwa Marekani, mwezi Februari 2021. Theluji yenyewe isingeitisha Kemi hata kwa asubuhi moja, lakini mitambo ya umeme na mabomba ya gesi havikuwa vimekingwa dhidi ya baridi, mamilioni ya watu wakakosa umeme, na serikali ya jimbo ikahesabu vifo 246.

Mazoea nayo yana ubaya wake. Mtu aliyekwisha kupita dhoruba ishirini salama huamini kwamba ya ishirini na moja itakuwa kama zilizotangulia, akachelewa kurudi nyumbani. Wakati wa dhoruba ya Krismasi ya mwaka 2022 huko Buffalo na vitongoji vyake, eneo lenye uzoefu wa theluji kuliko mengi nchini Marekani, zaidi ya watu 40 walikufa, wengine ndani ya magari, wengine barabarani, na wengine majumbani ambako gari la wagonjwa halikuweza kufika.

“Dhoruba ikipiga, watu hupagawa na kuporana”

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu, tena hapohapo Ohio. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Ohio State kilianzisha kituo cha utafiti wa maafa ambacho baadaye kilihamia Chuo Kikuu cha Delaware, na watafiti wake, akiwemo Enrico Quarantelli, walikuta tena na tena kwamba taharuki ya umma ni nadra, na kwamba wa kwanza kuokoa huwa ni majirani na wapita njia. Wizi hutokea, na Buffalo ulitokea mwaka 2022, lakini si ndio sura ya tukio. Hata rafu za mkate na maziwa zinazoachwa tupu siku moja kabla, ambazo picha zake huchekesha sana huku, ni za watu walioambiwa wasitoke kwa siku mbili au tatu na wakatii.

“Umeme ukikatika, waingize jiko la mkaa ndani”

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu hutoka kwetu wenyewe na hutolewa kwa upendo. Mama aliyepika kwa mkaa miaka yote bila madhara haoni kwa nini mwanawe aliyeko Toledo atetemeke ilhali mkaa unauzwa dukani kwa ajili ya kuchomea nyama. Jiko la Tanga hukaa uani au barazani, na hata likiingizwa ndani, nyumba ina matundu, madirisha ya nondo na wavu, na upepo wa bahari. Nyumba ya nchi ya baridi imezibwa makusudi ili joto lisitoke, na gesi nayo haitoki.

Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara mia mbili na zaidi. Moshi kutoonekana si dalili ya usalama. Mkaa uliokolea na kuwa mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, bado unaitoa. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, ambazo mgonjwa hudhani ni mafua au uchovu, kisha akalala. Huko Texas watu walikufa hivyo mwaka 2021, wengine kwa jenereta zilizowashwa gereji, wengine kwa mkaa, wengine kwa gari lililoachwa likinguruma ndani ya banda. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jenereta ikae nje, umbali wa mita 6 au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha, na mkaa ubaki nje. Ndani, njia salama zaidi ni familia nzima kukusanyika chumba kimoja, kuziba chini ya mlango kwa taulo, na kuvaa nguo juu ya nguo.

“Gari likikwama, toka utafute msaada”

Katika theluji inayovuma mtu hupotea mita chache kutoka kwenye gari lake, na gari huonekana kwa waokoaji kwa urahisi kuliko mtu aliyelala chini. Karibu na Mansfield, Ohio, mwaka 1978, dereva mmoja alifukiwa ndani ya lori lake kwa siku 6 akatolewa hai. Anayebaki garini awashe injini kama dakika 10 kila saa, baada ya kufukua theluji kwenye bomba la moshi, vinginevyo kaboni monoksidi humrudia ndani.

Pombe nayo hupanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku mwili ukilipoteza. Kidole kilichogandishwa kisisuguliwe kwa theluji. Kitiwe katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, mara tu inapokuwa hakika kwamba hakitaganda tena.

“Mtu wa pwani hataiweza baridi hiyo”

Hapa kuna chembe ya ukweli. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi mikononi na miguuni mara nyingi kuliko wenzao weupe. Hata hivyo maelfu ya Waafrika huishi Finland na Minnesota, jimbo la baridi kali nchini Marekani, mwaka baada ya mwaka, na kinachomwangusha mgeni kwa kawaida ni kuvaa nguo za pamba badala ya sufu, kwani pamba ikilowa hupoteza joto, pamoja na viatu vinavyobana na glavu zenye vidole vilivyotengana, ilhali zile zinazokusanya vidole vinne mfuko mmoja hutunza joto zaidi.