Kushindanisha injini za sataranji kwa programu: dhana potofu na ukweli

Injini ni programu inayocheza sataranji. Anayeitengeneza hushindanisha toleo jipya na la zamani ili ajue kama rekebisho lake limesaidia.

Dhana: "Toleo jipya limeshinda 55 kwa 45, basi limekuwa bora."

Michezo 100 haitoshi kusema hivyo. Asilimia 55 ni sawa na pointi 35 hivi za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji. Lakini ikiwa nusu ya michezo hiyo iliisha sare, kosa la kipimo kwa michezo 100 ni takriban pointi 48 juu au chini. Toleo lako linaweza kuwa limezidi kwa 83, na linaweza pia kuwa limerudi nyuma kwa 13. Ukicheza michezo 1,000 kosa linashuka hadi 15, na ukicheza 10,000 linafika karibu 5. Kila ukitaka kulipunguza kwa nusu, zidisha michezo mara nne. Injini iliyokomaa hupata pointi 2 au 3 kwa rekebisho moja, kwa hiyo hapa hakuna njia ya mkato: kazi inaachiwa programu kama Cutechess-cli au Fastchess, zinazoendesha maelfu ya michezo zenyewe, zikipima saa, zikikagua uhalali wa kila hatua na kuandika kila mchezo kwenye faili.

Dhana: "Nitatazama matokeo yakiendelea, nikiona niko mbele nasimamisha."

Huku ni kujidanganya kwa hesabu. Matokeo hupanda na kushuka, na ukichungulia mara nyingi vya kutosha, lazima utakuta dakika ambayo injini yako inaonekana bingwa. Kipimo cha SPRT, kinachopima ushahidi hatua kwa hatua na kujua chenyewe lini kisimame, kiliundwa kwa ajili ya hilo hasa. Ukiongeza `-sprt elo0=0 elo1=5 alpha=0.05 beta=0.05`, programu inalinganisha dhana mbili, kwamba faida ni Elo 0 au Elo 5, na inakokotoa thamani ya LLR, yaani uzito wa ushahidi kati yake, baada ya kila matokeo. Ikifika 2.94 rekebisho linakubaliwa. Ikishuka hadi -2.94 linakataliwa. Idadi ya raundi iweke kubwa kupita kiasi, maana kipimo ndicho kitakachofunga mechi, si wewe.

Watu husahau kwamba kukataliwa hapa hakumaanishi toleo jipya ni dhaifu. Maana yake ni kwamba ushahidi unaelekea zaidi kwenye 0 kuliko kwenye 5. Ukiwa umefuta tu msimbo usio na kazi, na unachotaka ni kuhakikisha hujaharibu kitu, tumia `elo0=-5 elo1=0`.

Dhana: "Kuanzia nafasi ya kawaida ndiyo haki kwa wote wawili."

Hapa ndipo mechi nyingi huharibika kabla ya hatua ya kwanza. Injini mbili zinazoanza kila mara kwenye ubao uleule huishia kurudia michezo ileile au inayofanana mno. Faili lako linasema michezo 1,000, ilhali taarifa mpya ndani yake ni ya michezo michache. Na kama injini zina nguvu, karibu yote itakuwa sare.

Dawa ni kitabu cha ufunguzi, yaani faili la hatua za mwanzo zilizopangwa tayari, na kila ufunguzi uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi. Amri kamili ya Cutechess-cli huwa hivi:

`cutechess-cli -engine cmd=./mpya name=mpya -engine cmd=./zamani name=zamani -each proto=uci tc=10+0.1 option.Hash=16 option.Threads=1 -games 2 -rounds 5000 -repeat -openings file=8moves_v3.pgn format=pgn order=random plies=16 -concurrency 7 -pgnout matokeo.pgn`

Ukiacha `-repeat`, injini moja inaweza kupewa nyeupe kwenye funguzi nzuri na nyingine ikaambulia makapi.

Siku hizi wajuzi hupendelea funguzi zisizo sawa, mfano vitabu vya UHO vilivyotengenezwa na Stefan Pohl, ambamo nyeupe huanza na faida ya wazi. Wengi huona ni uonevu. Tazama jozi moja: injini A inashinda ikiwa nyeupe, kisha B inashinda ufunguzi uleule ikiwa nyeupe. Jozi ni 1 kwa 1, hakuna aliyeonewa. Tofauti ya nguvu inajitokeza pale A inaposhinda kwa nyeupe, halafu ikajiokoa kwa sare ikiwa nyeusi. Ukihesabu mchezo mmojammoja, ile jozi ya 1 kwa 1 inaonekana kama vurugu ya ushindi mbili. Ukihesabu kwa jozi, inaonekana kama ilivyo, yaani hakuna tofauti. Fastchess huhesabu kwa jozi, ikigawa matokeo katika makundi matano kuanzia 0 hadi 2, na kosa la kipimo hupungua kwa michezo ileile.

Dhana: "Kompyuta yangu inaonyesha nyuzi 16, basi naweka `-concurrency 16`."

`-concurrency` ni idadi ya michezo inayochezwa kwa wakati mmoja. Prosesa ya namna hiyo mara nyingi ina viini 8 halisi, na kila kimoja kinajionyesha kama viwili. Michezo miwili ikigombania kiini kimoja, injini inapoteza kasi bila mpangilio, na saa haiijui sababu. Weka 7, acha kiini kimoja kwa mfumo na kwa programu yenyewe. Mchezo mmoja unahitaji kiini kimoja tu, kwa kuwa injini zinapokezana kufikiri, mradi `Threads` ni 1 na hujaziruhusu kufikiri wakati wa mpinzani.

Kumbukumbu haipokezani. Michezo 7 ni injini 14, zote ziko hai. Ukiweka `Hash=1024`, yaani MB 1,024 za kumbukumbu kwa kila injini, hizo ni GB 14 kabla hujafungua kivinjari. Kumbukumbu ikijaa, mfumo unahamia kwenye diski, na injini zinaanza kupoteza kwa saa. Kwa muda wa 10+0.1 (sekunde 10 na nyongeza ya 0.1 kila hatua), MB 16 zinatosha.

Dhana: "`tc=1` ni dakika moja."

`tc` ni muda wa saa ya kila injini, na hii ni sekunde moja. Mchezo mzima! Anayetoka kwenye programu za madirisha hunaswa hapa: katika amri hizi muda ni kwa sekunde, hivyo `40/60` ni hatua 40 kwa sekunde 60. Ukitaka dakika, andika `1:00`.

Dhana: "Mchezo wa haraka haupimi kitu."

Fishtest, mtandao wa kujaribia injini ya Stockfish ulioanza 2013, huchuja marekebisho kwanza kwa sekunde 10 na nyongeza ya 0.1, kisha yanayopita hujaribiwa kwa 60+0.6. Lakini 10+0.1 kwenye kompyuta kuukuu si sawa na 10+0.1 kwenye mpya. Ndiyo maana Fishtest hurekebisha muda kulingana na kasi ya kila mashine.

Dhana: "Kukatiza michezo kunapotosha matokeo."

Kwa kiasi kidogo sana, ukiweka mipaka ya busara. `-resign movecount=3 score=400` inamhesabu ameshindwa anayejiona nyuma kwa thamani ya vitunda vinne kwa hatua tatu mfululizo; `-draw movenumber=40 movecount=8 score=10` inatoa sare. Muda unaookolewa ni mwingi. Isipokuwa unajaribu hatima ya mchezo au injini changa ambayo tathmini zake haziaminiki. Hapo acha wacheze hadi mati.

Dhana: "Fastchess ni Cutechess yenye jina jipya."

Ni programu tofauti, ingawa amri zinafanana. Fastchess inazungumza UCI tu, itifaki ya kuwasiliana na injini. Ukiwa na injini ya zamani ya itifaki ya xboard, au ukitaka aina nyingine za sataranji kama crazyhouse, rudi Cutechess.

Dhana: "Nimeweka `-recover`, mechi imeisha salama."

`-recover` huwasha upya injini iliyoanguka ili mechi isikatike. Haiponyi chochote, na mchezo ule bado umehesabiwa kuwa umepotea. Mechi ikiisha, kabla ya kusoma Elo, endesha `grep -c "time forfeit" matokeo.pgn`, kisha rudia kwa `abandoned`. Ukipata michezo 40 ya namna hiyo kati ya 2,000, na yote ni ya upande mmoja, umepima hitilafu wala si nguvu. Waliopoteza kwa saa kwa milisekunde chache, ongeza `timemargin=50` au panua `Move Overhead` ya injini. Walioanguka, endesha injini peke yake kwenye terminali, andika `uci` kisha `isready`: mara nyingi utakuta faili la mtandao wa neva halipo kwenye folda inakoanzishwa, jambo linalotibika kwa kuongeza `dir=` kwenye `-engine`.