Unasomea amani? Mambo watu hukosea kuhusu hii kazi

Hapa Kakamega ukisema unasomea amani na migogoro pale Masinde Muliro, mtu wa kwanza anauliza kama unaenda jeshi, wa pili anauliza hiyo ni kazi gani sasa. Ni kazi ya kutafiti kwa nini watu hupigana na hupatanaje.

DHANA: Kazi ya amani ni ya majenerali.
UKWELI: Ni kweli Jenerali Lazaro Sumbeiywo ndiye alisimamia mazungumzo ya kumaliza vita vya Sudan, mengi yakafanyika hapo tu Naivasha, hadi mkataba ukatiwa saini Januari 2005. Lakini Dekha Ibrahim Abdi hakuwa na bunduki wala cheo, alianza na akina mama wenzake Wajir miaka ya 90 koo zikiuana, na mtafiti anataka kujua walifanyaje hadi wazee wakakubali kuketi pamoja.

DHANA: Vita vyetu ni ukabila tu, utatafiti nini?
UKWELI: Hii ndio huniuma sana. Angalieni Mlima Elgon 2006 hadi 2008, wakati wa SLDF, lile kundi la wapiganaji wa Kisabaoti. Kiini kilikuwa mashamba ya skimu ya Chebyuk, nani apewe nani aondolewe, na waliokuwa wanavutana hasa ni makundi ya Soy na Mosop ambao wote ni Wasabaoti, lugha moja, sasa hapo ukabila uko wapi? Ukimaliza na neno kabila hutauliza nani aligawa shamba, nani alitumia hasira za watu kutafuta kura, na kwa nini jeshi lilipoingia Machi 2008 wanakijiji wengi walilia kuteswa na wale waliotumwa kuwaokoa.

DHANA: Takwimu zinasema yote.
UKWELI: Kule Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, wanakoweka hesabu ya vita duniani, mgogoro huingia kwenye orodha ya mwaka ukifikisha vifo 25. Mapigano ya mpakani kama yale ya Sondu, kati ya Kisumu na Kericho, yanaweza kufunga soko na kuhamisha familia bila kufika hapo. Ndio maana lazima mtu aende aketi na watu.

DHANA: Unabeba tu daftari unaenda kuuliza.
UKWELI: Jameni hapana. Kuna leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, kuna kamati ya maadili ya chuo, halafu unapiga hodi kwa chifu. Na mama aliyepoteza kijana ana haki ya kukataa kuongea, akikubali jina lake unalificha, akilia unafunga daftari.

Kuhusu ajira, nafasi za kufundisha chuoni ni chache, huo ni ukweli, wengine huenda mashirika, kaunti au NCIC, ile tume ya uwiano na utangamano.