Waya wa bonsai haufungwi kwa macho

Wengi wanaokuja kwenye kitalu changu cha bonsai, miti inayokuzwa ikabaki midogo ndani ya vyungu, hapa Uyole, Mbeya, huwa wameshashiba video. Wanajua waya huzungushwa kwenye tawi ili kulipa umbo, kwa mshazari wa nyuzi 45, na kwamba unene wake uwe kama theluthi ya unene wa tawi. Kisha wanashika fikasi, mti wa jamii ya mkuyu, wanakunja, tawi linalia kach! "Kaka, mbona nimefuata kila hatua?"

Umefuata, ila kamera haioneshi nguvu ya mkono. Tawi likikaribia kuvunjika hukaza kwanza, halafu nyuzi za ndani hutoa mtikisiko mdogo ambao kidole huupata kabla ya sikio. Hapo unasimama, unalishikilia lilipofika. Ndiyo maana simpi mtu mti siku ya kwanza. Nampa matawi yaliyokatwa kwenye ua, afunge waya, akunje mpaka yavunjike, tena makusudi. Waya upite upande wa nje wa kona, gumba likae ndani. Baada ya rundo la matawi, mkono unajua mpaka uko wapi.

Anayejifunza aanze na waya wa alumini, ni laini. Ule wa kopa wa umeme nao unafaa, ila uuchune plastiki, uuchome kwenye mkaa mpaka uive wekundu, uupoze. Kopa ikikunjwa inakuwa ngumu, kwa hiyo wakati wa kuutoa usiuzungushe kinyumenyume, ukate kwa koleo.

Kumwagilia nako ni vilevile. Wajapani husema kujifunza kumwagilia tu huchukua miaka mitatu, na sioni kama wanatia chumvi. Mimi hutumia mawe mepesi ya volkano kutoka upande wa Rungwe, nayachekecha na kumwaga vumbi, maji hayatuami. Lakini upepo wa Agosti ukivuma, chungu kifupi hukauka upesi, na baridi ya Juni fikasi haina kiu kabisa. Ratiba gani itakufaa hapo? Nyanyua chungu asubuhi, usikie uzito wake. Chomeka kijiti cha mshikaki kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, acha.

Na kalenda za video, jamani! Mtu wa Ulaya au Japani anakata mizizi Machi kwa sababu kwake joto ndiyo linaanza. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Machi tunaelekea kwenye baridi. Fikasi yangu naikata mizizi Septemba au Oktoba, joto linapopanda, ili mvua za Novemba ziikute imeshaanza kushika.

Mvua hizo zikikolea mti hunenepa haraka, na waya huanza kuuma gamba. Kila wiki pitisha ukucha kati ya waya na gamba. Ukigoma kupita, kata waya siku hiyohiyo, hata kama tawi halijashika umbo, utafunga upya.