Ushiriki wa wanawake katika utawala na ujenzi wa amani: maana yake, na unavyoonekana kijijini

Neno "ushiriki" limechakaa. Linasomwa kwenye mabango ya warsha za Dodoma mjini, linarudiwa kwenye taarifa za miradi, na mara nyingi anayelitumia anamaanisha tu kwamba wanawake kadhaa walikuwepo ukumbini. Hiyo inaitwa mahudhurio. Ushiriki ni wanawake kuwa na uwezo wa kugeuza uamuzi: kupanga kipi kijadiliwe, kukataa kisichofaa, na kufuatilia kilichokubaliwa mpaka kitekelezwe. Njia ya haraka ya kutofautisha mambo hayo mawili ni kujiuliza: wasingekuja, uamuzi ungebadilika hata neno moja? Kama jibu ni hapana, walihudhuria tu.

Utawala hapa si Bunge na Ikulu peke yake. Ni halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji, baraza la ardhi, kamati ya maji. Nao ujenzi wa amani usichanganywe na ulinzi wa amani, ile kazi ya wanajeshi wa JWTZ waliopelekwa Darfur na Kongo kusimama katikati ya wanaopigana. Ujenzi wa amani ni kazi ya polepole ya kuondoa kinachowafanya watu washikane mapanga: mpaka usioeleweka, kisima kinachogombewa, fidia isiyolipwa.

Neno jingine linaloandamana na haya ni "mazingira tete". Ni mahali ambapo vyombo vya uamuzi haviaminiki au viko mbali, riziki ni finyu, na ugomvi mdogo hauna breki. Nchi nzima inaweza kuwa hivyo, kama Somalia au Sudan Kusini. Lakini hata nchi tulivu ina mabaka yake. Ukanda unaopakana kati ya Kongwa, mkoani Dodoma, na Kiteto, mkoani Manyara, ni mfano ambao mtu wa kanda ya kati hahitaji kuelezwa sana: wakulima wengi wa Kongwa hulima ng'ambo ya mpaka, wafugaji wanaitegemea ardhi hiyohiyo kwa malisho, na mapigano ya mwaka 2014 huko Kiteto yaliua watu.

Mizizi ya dhana hii katika sheria za kimataifa ni Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa tarehe 31 Oktoba 2000 wakati Namibia ikiwa mwenyekiti wa Baraza. Lina nguzo nne: ushiriki, ulinzi, kuzuia migogoro, na misaada pamoja na urejeshaji wa maisha baada ya vita. Kwa Afrika kuna Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003 kuhusu haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Ibara yake ya 9 inahusu siasa na uamuzi, ya 10 inahusu haki ya amani.

Miezi michache kabla ya azimio hilo, Arusha ilikuwa imeshaonyesha jambo lenyewe. Mazungumzo ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Burundi yalikuwa na pande 19, aliyaongoza Mwalimu Nyerere na baada ya kifo chake akayapokea Nelson Mandela. Wanawake wa Burundi waliomba kuingia, wakaishia kuwa waangalizi. Julai 2000 ukaitishwa mkutano wao hapohapo Arusha, wakatoka na orodha moja ya madai iliyokubaliwa na wanawake wa vyama vilivyokuwa vikihasimiana: urithi wa ardhi, elimu ya wasichana, adhabu kwa wabakaji, haki za wakimbizi wanaorejea, na asilimia 30 ya nafasi za uongozi. Mengi ya madai hayo yaliingia katika mkataba uliosainiwa tarehe 28 Agosti. Asilimia 30 haikuingia. Ilikuja katika Katiba ya Burundi ya mwaka 2005. Kilichowasaidia zaidi ni kufika na karatasi moja. Kundi lenye madai matano yanayopingana humrahisishia msuluhishi kazi ya kulipuuza.

Turudi nyumbani, maana sheria zetu za ngazi ya chini zina meno kuliko watu wanavyodhani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao 3 wawe wanawake. Majina hupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Akidi, yaani idadi ya chini inayoruhusu kikao kufanyika, ni wajumbe 4, wakiwemo wanawake 2. Hapo pa akidi ndipo penye uzito. Wanaume wote wanne wanaweza kufika wakakaa chini ya mbuyu tangu saa mbili. Kama mwanamke mmoja yuko msibani na mwingine anauguza mtoto, hakuna kikao. Yaani kwa wanawake 3, pengo linaloruhusiwa ni la mtu mmoja tu. Baraza lenyewe halihukumu, linasuluhisha.

Juu yake lipo Baraza la Kata, lenye wajumbe wasiopungua 4 wala kuzidi 8, wanawake wakiwa 3. Likiketi kusuluhisha huwa na wajumbe 3, na angalau mmoja awe mwanamke. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi. Linasuluhisha, na likishindwa linatoa hati ya kuthibitisha hivyo ili mdai aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila suluhu, mdai anaweza kwenda hata bila hati hiyo. Kabla ya mabadiliko hayo, mahakama za juu zilifuta maamuzi ya mabaraza ya kata zaidi ya mara moja kwa sababu ya muundo wa baraza, ikiwemo wanawake kutotimia au kumbukumbu kutoonyesha nani alikaa siku ipi. Mshindi wa kesi alijikuta anaanza upya miaka kadhaa baadaye kwa sababu katibu hakuandika mahudhurio.

Kwa hiyo akidi ya wanawake si hisani. Ni sharti la uhalali, na anayeshinda mgogoro ana maslahi nayo kuliko mtu yeyote, awe mwanamume au mwanamke.

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Bungeni, Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wengine wote. Utaratibu huu umefungua mlango, lakini una dari. Mbunge wa viti maalumu hupatikana kupitia orodha ya chama, hana jimbo, na Katiba inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo. Vijijini dari hiyo ni ya chini zaidi: katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wanawake walikuwa kama 2 tu katika kila wenyeviti 100 wa vijiji. Nchi inaongozwa na Rais mwanamke tangu Machi 2021, na Bunge limeshapata maspika wawili wanawake, lakini kiti cha mwenyekiti wa kijiji bado kinaonekana cha mzee fulani.

Kwa nini haya yahusu amani na si haki za wanawake peke yake? Chukua ng'ombe walioingia kwenye shamba la mtama. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mazao hukomaa wakati malisho ya porini yanaanza kupungua. Ng'ombe wakiingia shambani, wazee wa pande mbili hukaa, hukadiria hasara, hutaja kiasi, hupeana mikono. Mambo matatu hukosewa hapo. Kwanza, makadirio: mtu anapima ekari zilizokanyagwa kwa macho, wakati aliyepanda na kupalilia ndiye anajua kipande kipi kilikuwa na karanga au njugu mawe katikati ya mtama. Pili, mlipwaji: fedha huenda kwa mkuu wa kaya, na mwanamke ambaye chakula chake cha miezi sita kimeliwa haoni hata senti. Tatu, tarehe: suluhu haisemi fidia ilipwe lini, wala mbele ya nani. Msimu ujao uchungu uko palepale, vijana wa nyumba ile wanajua mama yao hakulipwa, na kila mtu anashangaa kwa nini watu ambao "walishapatana" wamerudi kupigana.

Upande wa wafugaji nako kuna pengo lake. Mwanamke wa Kimang'ati au Kimasai ndiye mara nyingi anayeuza maziwa kwa wakulima na kununua nafaka kwao. Biashara hiyo ni uzi unaofunga jamii mbili, na ni kipima joto kizuri. Maziwa yakiacha kuja kijijini ghafla, au wanawake wa pande mbili wakianza kuchota maji kwa zamu zilizotengana wakati zamani walichanganyika, kuna jambo. Habari kama hizo huzungumzwa kwenye foleni ya bomba na kwenye mashine ya kusaga siku nyingi kabla hazijafika kwa mtendaji wa kijiji. Kamati ya usuluhishi isiyo na mtu wa kwenye foleni hiyo inapata taarifa pamoja na polisi.

Sasa, ushiriki unaharibikia wapi? Kwa maoni yetu, mara nyingi si ndani ya kikao bali kabla yake na baada yake.

Kabla yake kuna saa na ajenda. Kikao cha saa nne asubuhi wakati wa kiangazi, huku maji yako mbali, kimeshawaondoa wanawake nusu. Siku ya mnada pia usiite. Namna iliyo rahisi ni kuwauliza wajumbe wanawake kwanza ndipo mgambo apite kutangaza, na kwa anayetoka kitongoji cha mbali kikao kiishe mapema afike kwake kabla ya giza, kwa kuwa kazi ya ujumbe wa baraza haina mshahara wala usafiri. Ajenda huandaliwa na mtendaji pamoja na mwenyekiti. Jambo lililowasilishwa na wanawake likiwekwa kwenye "mengineyo," litafikiwa watu wameshaanza kukung'uta vumbi kwenye suruali. Liwe ajenda namba tatu, lenye jina lake, hata kama wajumbe watanuna.

Ndani ya kikao mtego mkubwa ni mgawanyo wa kazi: mwanamke anafungua kwa sala, anasimamia chai, na anapigiwa makofi. Mwingine ni kuweka mwanamke mmoja tu mbele ya wanaume sita. Akiwa peke yake anaonekana anasema ya nyumbani kwake. Wakiwa wawili au watatu waliokwisha kuongea wenyewe siku moja kabla, mmoja hutoa hoja na mwingine huishika. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA ni mahali pazuri pa kikao hicho cha awali, kwa sababu vinakutana kila wiki hata hivyo. Usifikirie pia kwamba mwanamke yeyote anawasemea wote. Mke wa mwenyekiti na mjane anayelima kwa kukodi wana maslahi tofauti kabisa kuhusu njia ya mifugo ipite wapi.

Kisha kuna gharama ya kusema. Anayepinga hadharani anaweza kuulizwa jioni nyumbani kama amekuwa mwanamume. Katika eneo tete anaweza kutishwa. Kwa shauri zito, kura ya siri ya vikaratasi inamlinda kuliko kunyoosha mkono, nayo haigharimu zaidi ya daftari moja na kofia.

Baada ya kikao kuna muhtasari. Kisichoandikwa hakikusemwa. Muhtasari wa suluhu uonyeshe majina ya waliohudhuria na jinsi zao, nani alipendekeza nini, nani anamlipa nani, kiasi gani, tarehe gani, na mashahidi. Usomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa, kwa kuwa wapo wasiosoma, na anayeweka dole gumba aandikiwe jina pembeni. Nakala ibaki kwa pande zote mbili, si kwenye kabati la ofisi pekee.

Anayetaka kujua kama kijiji chake kina ushiriki wa kweli aombe daftari la mihtasari la Baraza la Ardhi la Kijiji, afungue kurasa za mwaka mmoja, aangalie ukurasa wa mahudhurio. Ahesabu vikao vilivyoahirishwa kwa kukosa akidi ya wanawake: kama vipo viwili vitatu, ni dalili nzuri, sheria inafuatwa. Kama hakuna hata kimoja kwa mwaka mzima, na sahihi za wajumbe wote watatu wanawake zimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, amwendee mjumbe mmojawapo amuulize vikao hivyo vilifanyika lini.